Mkulima, Inua Mguu wa Punda Wako

Ndugu Mkulima,

Kuna msemo mmoja ambao kila mwenye mkokoteni aujua: "Punda afe, mzigo ufike." Watu huusema kwa kucheka. Leo nataka kuupinga msemo huo, wala si kwa huruma peke yake, bali kwa hesabu. Punda akifa leo, labda mzigo wa leo utafika. Lakini mzigo wa kesho utavutwa na nani?

Mimi si daktari wa wanyama. Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, na kabla ya hapo nilisomea ualimu. Kazi yangu ni kuandika majina, mbegu, mbolea na barua. Lakini meza yangu iko karibu na dirisha, na dirisha hilo latazama njia ya kwenda kituo cha maziwa. Kila asubuhi naona punda wakipita, nami nimezoea kuutazama mwendo wao kama nilivyokuwa nikitazama nyuso za watoto darasani ili nijue nani hakuelewa somo. Basi nasema niliyoyaona: punda wengi huchechemea, na wengi katika hao wanaochechemea huchapwa.

Wala sisemi haya kama mtu asiye na kosa. Kosa langu nitalieleza kwanza, ndipo nipate haki ya kusema juu ya makosa ya wengine.

Kosa langu mwenyewe

Baba yangu ana shamba katika mojawapo ya skimu za Nyandarua, katika yale mashamba makubwa ya Wazungu yaliyoanza kugawanywa mwaka wa 1962. Tunaye punda mmoja, jina lake Kijivu. Mwezi mmoja wa Aprili, mvua ikiwa imeshika, Kijivu alisimama kwenye lango asubuhi akakataa kwenda. Maziwa yalikuwa mkokotenini na saa ilikuwa ikipita. Mimi, mtu niliyesoma, nilishika fimbo. Akaenda hatua tatu akasimama. Nikampiga tena. Siku hiyo maziwa yalifika. Siku ya pili yalifika yakiwa yamechelewa. Siku ya tatu Kijivu hakuinuka.

Jirani yetu ni mzee ambaye katika ujana wake alikuwa akisafirisha mizigo kwa punda huko Samburu. Alikuja, wala hakuuliza habari za majani wala za minyoo. Aliinama akapapasa mguu wa mbele wa kushoto, akaushika ukwato kwa kiganja, akaniita. "Shika hapa, mwanangu." Nikashika. Ukwato ulikuwa na moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Akachokora matope kwa kijiti, na harufu mbaya ikatoka. Kijiwe kidogo kilikuwa kimeingia katika ufa, kikapanda juu, na usaha umejaa ndani usiweze kutoka.

Mzee akaniuliza, "Wewe ungetembea na msumari ndani ya kiatu?" Nikasema, "La, Mzee." Akasema, "Basi huyu si mvivu."

Daktari wa mifugo alikuja akafungua tundu dogo, usaha mweusi ukatoka, akamdunga sindano ya pepopunda. Kijivu alikaa siku 19 bila kazi. Kila asubuhi nikamlipa mwenye pikipiki shilingi 150 kupeleka maziwa. Piga hesabu: ni shilingi 2,850, bila malipo ya daktari. Na kijiwe chenyewe kilikuwa kidogo kuliko punje ya mahindi. Lau ningaliinua mguu ule siku ya kwanza badala ya kuinua fimbo, ningalikiona.

Ukwato ni kitu gani?

Tazama ukucha wa kidole chako. Hukua tangu kwenye nyama kwenda nje, nawe ukiukata hausikii maumivu. Lakini ukikata kupita kiasi, damu hutoka. Ukwato wa punda ni hivyo hivyo. Ukuta wake, yaani ile sehemu ngumu ya nje uionayo punda akisimama, huanza kwenye ukingo wa nywele ukashuka chini, kiasi cha nusu sentimita au zaidi kidogo kila mwezi. Sehemu iliyoota leo juu itafika chini karibu baada ya mwaka mzima. Twasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Ukuta wa ukwato hakuna fundi awezaye kuujenga, ni punda mwenyewe, tena kwa mwaka mzima.

Sasa inua mguu utazame chini. Utaona ukuta umezunguka ukingoni. Ndani yake kuna mstari mwembamba wenye rangi hafifu, ambapo ukuta umeungana na wayo. Mstari huo ndio mlango wa maradhi. Kijiwe cha Kijivu kilipita hapo. Kisha upo wayo wenyewe, uliobonyea kidogo. Nyuma katikati kuna kitu kama kabari, chenye unyumbufu kama mpira wa tairi, na kando zake mna vifuo viwili. Mimi nitakiita kabari.

Juu ya wayo, umbali wa unene wa kidole tu, kuna nyama yenye damu, na juu ya nyama kuna mfupa. Uzito wote wa punda, na sehemu ya uzito wa mkokoteni, hushuka katika mfupa huo. Yaweke haya moyoni, maana nitayarudia.

"Punda wa Turkana hakatwi kwato na mtu"

Najua utaniambia hivyo. Wengi wameniambia. Husema kwamba tangu zamani punda hutembea bila viatu, na Mungu ndiye amkataye kwato.

Jambo hilo ni kweli, lakini si kweli huku kwetu. Punda walitokana na punda mwitu wa nchi kavu za kaskazini mashariki ya Afrika, nao wamekuwa na binadamu kwa miaka zaidi ya 5,000. Kwato zao zimefanywa kwa nchi ya mawe na jua. Punda wa Turkana au wa Marsabit hutembea mwendo mrefu juu ya changarawe, na changarawe humsugua kama tupa. Kwato zake hukua, lakini pia huliwa, na mizani husimama sawa.

Punda wako wa Kinangop au Ol Kalou hana changarawe. Ana matope wakati wa mvua, majani laini malishoni, na zizi lenye samadi. Kwato hukua wala haziliwi. Tena kwato za punda hunywa maji upesi kuliko za farasi, zikalainika. Kwa miezi 6 bila kukatwa, ukuta huongezeka sentimita 3 au zaidi, ncha ya mbele ikajikunja juu kama pembe ya kondoo dume, na punda akatembea kwa visigino. Mishipa ya nyuma ya mguu huvutwa kila hatua. Na ukuta mrefu hupasuka na kujitenga na wayo, kama ubao wa mlango uliolegea misumari, ndipo matope na vijiwe huingia.

Na yule punda anayevuta maji mjini juu ya lami siku nzima, wake ni msiba mwingine: kwato zake huliwa kupita kiasi, tena huenda zikaliwa upande mmoja. Huyo hahitaji kukatwa sana, ila kutazamwa sana.

Kwa hiyo usimwachie Mungu kazi ambayo amekupa wewe mikono ya kuifanya. Kila wiki 6 hadi 10, kwato zitazamwe na kusawazishwa.

Panga na wayo

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kutokata kwato ni kosa, lakini kukata vibaya ni kosa kubwa zaidi.

Siku moja ya soko nilimwona mtu ambaye hutembea akikata kwato kwa malipo. Aliuweka mguu wa punda juu ya gogo, akapiga kwa panga pigo moja. Kisha akachukua kisu akaupara wayo, vipande vikaanguka, mpaka wayo ukawa mweupe na safi kama kiazi kilichomenywa. Mwenye punda alifurahi sana, akalipa. Punda aliondoka pale akikanyaga kama mtu apitaye juu ya makaa ya moto.

Ndugu yangu, wayo mweupe si wayo mzima. Kumbuka ule unene wa kidole. Kila kipande cha wayo kilichoanguka chini kilikuwa ngao ya nyama na mfupa. Tena punda, zaidi ya farasi, hukanyagia ukuta na wayo pamoja. Ukimpara wayo ni kama umekata soli za viatu vyako ukabakiza karatasi, kisha ukatumwa kubeba gunia la viazi barabara ya mawe. Kila kokoto itauchubua wayo kwa ndani, damu itavilia, na baada ya siku chache litakuwa jipu. Nawe utasema, "Punda huyu amerogwa."

Sheria ni fupi: ukuta hupunguzwa, wayo huachwa. Ule unga mkavu unaopukutika wenyewe katika wayo waweza kuondolewa kwa brashi ngumu. Penye afya pasiguswe. Kabari nayo iachwe, ila vipande vilivyokufa na kuning'inia.

Panga na lirudi shambani. Chombo cha mkulima ni tupa. Mfunge punda kwa kamba kichwani, mtu amzoeaye asimame karibu na shingo akisema naye polepole. Pitisha mkono begani mpaka chini, uinue mguu kidogo tu. Ukiuvuta juu sana aumia na atapiga teke, na hapo usimlaumu. Safisha kuanzia kisigino kuelekea mbele. Sugua ukuta ulioizidi nyayo mpaka ukaribiane nayo, kisha usugue ncha ya mbele ikae nyuma kidogo. Weka mguu chini, rudi nyuma hatua tano, utazame: je, miguu ya mbele yalingana? Ukiona rangi ya waridi mahali popote, umekwisha kupita mpaka. Acha hapo hapo.

Na ukwato uliojikunja kwa mwaka mzima usinyooshwe kwa siku moja. Punguza kidogo, ngoja wiki chache, punguza tena. Mishipa iliyozoea upotovu huhitaji muda kuzoea unyoofu. Koleo na kisu kilichopinda ncha ni vyombo vya mtu aliyefundishwa. Kama hukufundishwa, shika tupa, na kazi nzito umwachie fundi au daktari.

Zizi kavu

Hata ukisugua vizuri, matope yatakushinda kama punda alala ndani yake. Samadi na mikojo huozesha vifuo vya kando ya kabari. Hutoka kitu cheusi chenye harufu ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau. Ugonjwa huo ukiuwahi, dawa yake ni kusafisha kila siku, kukausha, na kupaka tincha ya ayodini. Ukiuacha hula mpaka kwenye nyama.

Huna haja ya kujenga nyumba. Chagua mahali palipoinuka, pana pa kutosha punda asimame na kugeuka, umwage changarawe, juu yake utandaze maranda ya mbao au majani makavu, na juu uweke mabati machache. Ondoa samadi kila siku. Ni mbolea ya viazi vyako. Ng'ombe tumemjengea, kuku tumemjengea. Ni punda peke yake anayelala nje akiwa amewaletea wote chakula na maji.

Usimpe punda unga wa ng'ombe wa maziwa au mahindi kwa wingi ukidhani ni kumshukuru. Chakula kizito humtia moto ndani ya kwato, hata akasimama ameinyosha miguu ya mbele akiegemea visigino. Huo ni ugonjwa mkubwa. Mwite daktari siku ile ile. Punda ameumbiwa majani makavu na mabua.

Na msumari je? Ukimkuta punda amekanyaga msumari, tia alama mahali ulipoingia na kina chake, umwite daktari bila kukawia. Wazee wetu hawakukosea walipouita ule ugonjwa wa kukaza misuli pepopunda. Kidudu chake hukaa udongoni na katika samadi, hupenda jeraha lenye tundu dogo na refu, na punda na farasi ndio wepesi kuupata. Chanjo ipo, iulize.

Ninalopendekeza

Mwalimu akikosoa sharti aonyeshe njia. Basi pendekezo langu ni hili. Si kila mkulima awezaye kununua vyombo vyote, lakini kila chama cha ushirika cha maziwa chaweza. Kituo kiwe na tupa moja, kisu kimoja cha kwato na koleo moja, na kijana mmoja, mwanamume au mwanamke, afundishwe na ofisi ya mifugo. Kila miezi miwili awazungukie punda wa wanachama, na malipo yake yakatwe kidogo kidogo katika pesa za maziwa. Hivyo ndivyo tulivyochangia majosho ya ng'ombe. Punda ana deni gani nasi hata asichangiwe?

Na sisi wa ofisini hatuna sifa ya kujivunia. Kabatini kwangu mna vijitabu vya ng'ombe, vya kondoo, vya kuku na vya nyuki. Cha punda nimekitafuta nisikione. Tangu mwaka wa 2013 kazi ya madaktari wa mifugo iko chini ya serikali za kaunti. Nendeni katika ofisi za wadi mkaulize mafunzo ya kwato. Karani huandika kile anachoulizwa mara nyingi. Tuulizeni mara nyingi.

Msidhani pia kwamba punda akilemaa mtanunua mwingine kwa urahisi kama zamani. Katika hesabu ya mwaka wa 2009 nchi yetu ilikuwa na punda yapata milioni 1.8, katika ile ya mwaka wa 2019 walikuwa yapata milioni 1.2. Kati ya hesabu hizo mbili yalifunguliwa machinjio, na ngozi nyingi zikaenda ng'ambo. Mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kuizuia biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15. Ni jambo jema, lakini mkataba wa wakuu hauondoi kijiwe katika ukwato. Tena ipo sheria yetu wenyewe, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360: kumfanyisha kazi mnyama asiyeweza kwa sababu ya ugonjwa au jeraha ni kosa. Wewe unayemkodisha punda wako kwa kijana wa mkokoteni, usiseme ni kijana peke yake. Punda ni wako, na miguu ni yako kuitazama.

Na wewe mama uchotaye maji kwa punda, wewe wamwona karibu kuliko sisi sote. Usingoje baba arudi. Akikanyaga kwa hofu, akiupumzisha mguu mmoja wa mbele, ukisikia moto ukwatoni, mfungue mizigo siku hiyo.

Dakika 10 zatosha kila jioni: inua mguu, safisha, tazama, nusa. Miguu ni minne tu.

Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Kijivu hajanipiga teke hata siku moja. Amepona, na maziwa yafika kila asubuhi. Lakini hata leo nikiinua mkono kufungua kilango chake, hurudi nyuma hatua moja kwanza, akanitazama, ndipo asogee. Hatua hiyo moja ndiyo deni langu kwake, nalo sijui nitalimaliza lini. Wewe ambaye hujakopa, usikope.

Ni mimi ndugu yenu,
Karani wa Ofisi ya Kilimo